Jaribio Moja Zaidi

Klipu yenyewe ni ya sekunde chache tu. Ilidondoka usiku kwenye grupu la WhatsApp, lile la mpira na vichekesho. Roketi imesimama, chini moshi unatoka, inajiinua kidogooo, halafu inashuka na kukaa palepale, kama mtu aliyenyanyuka kwenye kiti akakumbuka hana nauli. Kabla hujamaliza kucheka, kile kimnara cha juu kabisa kinachomoka na kwenda zake angani peke yake, roketi imebaki chini inaduwaa. Kisha kwenye ncha inatoka parashuti. Halafu nyingine.

Watu wakamwaga vile vikatuni vya machozi ya kicheko. Mmoja akaandika, "Na hawa ndo walienda mwezini?"

Nikacheka na mimi, nikaisambaza kwa wengine. Ila haikunitoka kichwani. Wiki kadhaa sasa kila nikipata nafasi nasoma habari za vile vyombo vya mwanzo na jinsi walivyovijaribu kabla ya kumpandisha binadamu, na kila nikidhani nimeelewa nakutana na kitu kinanirudisha nyuma. Kwa hiyo naandika, labda kitaniachia.

Inchi nne

Ile klipu ni ya tarehe 21 Novemba 1960, Cape Canaveral. Roketi inaitwa Redstone, juu yake kuna kapsuli ya Mercury, ule mpango wa kwanza wa Marekani wa kupeleka mtu angani, haina mtu. Ilinyanyuka kama sentimita 10 hivi, yaani inchi nne, na ndiyo maana hadi leo wanaiita safari ya inchi nne.

Sababu yake sasa.

Roketi ikiondoka, kuna nyaya mbili zinazoiunganisha na ardhini ambazo lazima zichomoke kwa mpangilio. Waya wa kuongozea unatoka kwanza, wa umeme unafuata. Siku ile waya wa kuongozea ulikuwa wa Redstone ya jeshi, mrefu kuliko ule uliotengenezwa kwa ajili ya Mercury, wakaubana na klempu ili urefu uende sawa. Haukuenda sawa. Ulichelewa kuchomoka kwa sehemu 29 za sekunde, ukiigawa sekunde moja mara elfu. Katika hicho kipande cha muda umeme ukakosa njia yake ya kawaida, ukapita kwenye swichi iliyokuwa na kazi moja tu, kuzima injini mwisho wa safari.

Injini ikazima. Kapsuli ikapata taarifa kwamba injini imezima, ikahitimisha kwamba safari ya kupanda imeisha, ikafyatua mnara wa dharura, ule wa kuikwapua kapsuli roketi ikiharibika, kwa sababu hauhitajiki tena. Sensa ya kimo ikaangalia, ikaona tuko chini ya futi 10,000, basi ni muda wa parashuti. Parashuti kubwa ikatoka ikaning'inia haijabeba uzito wowote, mashine ikaona hii imefeli, ikatoa ya akiba.

Hapo ndo kicheko kiliponiisha. Ukiiangalia vizuri hakuna kifaa hata kimoja kilichokosea baada ya ule waya, kila kimoja kilifanya sawasawa kile kilichoambiwa kifanye.

Nilimwonyesha rafiki yangu mmoja fundi umeme, hakucheka hata kidogo. Akauliza tu, "Waya nani aliupima?"

Usiguse

Klipu inaishia kwenye parashuti. Kilichofuata hakina picha ya kuchekesha ila kwangu ndo kitamu zaidi.

Sasa wana roketi iliyojaa mafuta na oksijeni ya kimiminika, imesimama bila kushikiliwa na chochote, nyaya zimeshachomoka kwa hiyo kutoka chumba cha kuongozea huwezi kuiamuru kitu. Juu kuna parashuti zinaning'inia, upepo ukikaza kidogo tu zikajaa, roketi inaangushwa na kulipuka. Ndani kuna baruti ambazo bado ziko hai.

Mawazo yakaanza kumiminika. Tumpeleke mtu aunganishe tena waya. Tulete winchi tukate parashuti. Na kuna aliyependekeza, huyu namuwaza sana, wachukue bunduki watoboe matangi ili presha ishuke.

Chris Kraft, aliyekuwa anaongoza safari, akakataa. Uamuzi ukawa kungoja. Betri ziishe zenyewe, oksijeni ichemke itoke yenyewe, ndipo watu wasogee kesho yake asubuhi. Upepo ukawahurumia.

Najiuliza mimi ningeweza kukaa hivyo usiku kucha nikiangalia kitu changu kinasubiri kulipuka, mabosi wanapiga simu, magazeti yanacheka, na jibu langu ni "hatufanyi kitu." Sidhani.

Mwezi uliofuata, Desemba 19, wakarusha nyingine. Ikaruka vizuri, ingawa ilizidi kasi kidogo kuliko ilivyopangwa.

Hiyo "kidogo" ikumbuke.

Namba 65

Tarehe 31 Januari 1961 alipanda sokwe. Alizaliwa Cameroon, akapelekwa Marekani, kwenye makaratasi alikuwa Namba 65. Jina la Ham alianza kuitwa rasmi baada ya kurudi, ikisemekana hawakutaka magazeti yaandike jina la sokwe aliyekufa kama mambo yangeharibika. Wenyewe walikuwa wamejipanga hadi huko.

Mafunzo yake yalifanyika Holloman, New Mexico. Taa ya bluu ikiwaka, avute mkono wa mashine ndani ya sekunde tano. Akifanya vizuri anapata kipande cha chakula chenye ladha ya ndizi, akichelewa anapigwa shoti ya umeme kwenye nyayo. Lengo lilikuwa kujua kama kiumbe anaweza kufanya kazi akiwa hana uzito. Lilikuwa swali la maana kabisa, maana kuna madaktari walioamini binadamu akifika huko atachanganyikiwa.

Ham akafanya kazi yake karibu yote bila kukosea. Mashine ndo iliyomwangusha.

Valvu moja ilifunguka kupita kiasi, injini ikanywa oksijeni kwa pupa, roketi ikaenda kasi mno, oksijeni ikaisha mapema, mfumo wa dharura ukadhani kuna balaa, ukaikwapua kapsuli na kuirusha mbele zaidi. Ikapanda juu na kutua mbali kuliko ilivyopangwa, zaidi ya kilomita 190 kupita ilipotakiwa. Njiani mtikisiko ukafungua valvu nyingine na presha ya ndani ikashuka, ila nguo yake ilikuwa imejitegemea, ndiyo iliyomwokoa. Baharini nako kapsuli ikatoboka ikaanza kuingiza maji. Helikopta ilipofika, chombo kilikuwa kimelala ubavu kinazama polepole.

Ham akatolewa mzima. Akapewa tufaha, akala. Ipo ile picha maarufu ameonyesha meno yote, magazeti yakasema anatabasamu.

Jane Goodall, ambaye alianza kazi yake kule Gombe, Kigoma, Julai 1960, miezi michache tu kabla ya safari hii, aliangalia picha zile baadaye na kusema ule ni woga mkubwa kabisa. Ukishaambiwa hivyo huwezi tena kuiona picha ile vingine. Waliopima mapigo yake ya moyo, joto lake na pumzi yake walikuwa na namba za kila kitu. Uso wake hawakuwa na wa kuwasomea.

Siku 19

Hapa ndipo palipoingia mwiba wenyewe.

Februari 1961. Rubani Alan Shepard ameshachaguliwa kimyakimya kuwa Mmarekani wa kwanza kupanda. Ham amerudi hai. Warusi wako mbioni na kila mtu anajua. Kuna hoja nzuri tu ya kusema sokwe amepona, kwa hiyo mtu atapona, tumpandishe Machi.

Wernher von Braun, yule mhandisi wa roketi aliyetoka Ujerumani, ambaye Redstone ilikuwa mikononi mwa timu yake, akasema hapana. Warekebishe ile valvu na mitikisiko, halafu warushe moja zaidi bila mtu. Kurt Debus, mkuu wa urushaji kule Cape, alikuwa upande huohuo. Waliokuwa upande wa kapsuli walikubali kwa shingo upande, na Shepard alikasirika sana.

(Huyu von Braun tusimpake asali. Makombora yake ya V-2, aliyowatengenezea Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yaliundwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, na watu walikufa huko kwa maelfu. Mtu huyohuyo ndiye anayesema mwaka 1961 kwamba uhai wa rubani mmoja unastahili jaribio zima. Sijui niiweke wapi hii, nimeiacha hapa.)

Jaribio likafanyika tarehe 24 Machi 1961, na kapsuli ya mfano iliyokuwa imeshatumika kwenye majaribio mengine. Likaenda safi. Hamna kasoro ya maana.

Aprili 12 Mrusi Yuri Gagarin akazunguka dunia.

Shepard akaruka Mei 5.

Hesabu mwenyewe, Machi 24 hadi Aprili 12 ni siku 19. Kama ile roketi ya Machi ingekuwa na Shepard juu yake, binadamu wa kwanza kufika anga za juu angekuwa Mmarekani. Asingezunguka dunia kama Gagarin, angepanda na kushuka kwa dakika 15 hivi, lakini nani angekumbuka hiyo tofauti?

Na roketi yenyewe ilikuwa nzima. Angerudi salama, akanywa kahawa.

Sasa je, jaribio lile lilikuwa la bure?

Nilibishana na yule fundi umeme hadi tukachoshana. Yeye anasema swali halina maana, hakuna fundi anayejilaumu kwa kupima kitu akakikuta kizima. Mimi nikamwambia rahisi kusema hivyo ukiwa hushindani na mtu. Akaniuliza, "Kwani wewe ungempandisha?"

Nikanyamaza, maana nikirudi Februari ile, bila kujua ya mbele, nina nini mkononi? Nina Redstone tatu zenye kapsuli ya Mercury. Ya kwanza ilipanda inchi nne. Ya pili ilizidi kasi kidogo. Ya tatu ilizidi kasi sana. Mstari unakwenda upande mmoja, na sio upande mzuri. Kwa data hiyo, kumpandisha mtu ni kucheza kamari kwa kichwa cha mwenzako, hata kama kamari yenyewe baadaye ingelipa.

Ila hata nikishakubali hivyo, kuna kitu kinagoma. Kila siku ukitafuta sababu ya kujaribu tena utaipata. Von Braun mwenyewe alisimama wapi? Kwa nini moja zaidi na sio mbili?

Upande ule mwingine

Warusi nao walikuwa na mstari wao. Kabla ya Gagarin ilitakiwa safari mbili mfululizo za Vostok, chombo chao cha kubeba mtu, zifaulu, za mfano uleule atakaopanda yeye. Mfululizo.

Na sio kwamba walikuwa na bahati. Julai 28, 1960 roketi ililipuka muda mfupi baada ya kuondoka, ikaua mbwa wawili, Chaika na Lisichka. Agosti Belka na Strelka wakarudi wazima na dunia nzima ikawajua. Desemba 1, Pchyolka na Mushka walikosea njia ya kurudi, na chombo kikajilipua chenyewe kwa sababu kilikuwa na bomu la kuzuia kisiangukie nchi ya watu. Hao wawili hawakufa kwa ajali kabisa, niite nini?

Halafu Machi 9 na Machi 25, 1961, zikaja zile mbili. Ndani alikaa sanamu aliyepewa jina la Ivan Ivanovich, nguo ya rubani mwilini, uso wa mtu kabisa, na mbwa mmoja kila safari, Chernushka na kisha Zvyozdochka. Usoni walimwandikia kwamba yeye ni sanamu tu, ili mwanakijiji atakayemkuta porini asidhani ni maiti au jasusi. Na walitaka kupima redio wasikie sauti ya binadamu kutoka angani, lakini wakaogopa wanaodukiza kule magharibi watasema Warusi wamerusha mtu kwa siri. Wakaweka kwaya. Nani atadhani kwaya nzima iko ndani ya kapsuli? Wakaongezea na mtu anasoma namna ya kupika supu.

Kwa hiyo katika juma moja la Machi, Wamarekani wanarusha kapsuli tupu, na kesho yake Warusi wanarusha sanamu anayesoma mapishi. Pande zote mbili zinangoja jaribio moja zaidi. Mimi kwa siku nyingi nilikuwa nimekariri kwamba yalikuwa mashindano ya mbio tu, kumbe kwenye siku zile za mwisho yalikuwa pia mashindano ya nani anaweza kuvumilia.

Tunguu inasikiliza

Hii naipita haraka lakini siwezi kuiacha, maana inatugusa.

Ili kumfuatilia mtu akizunguka dunia walihitaji vituo vya redio njia nzima, na viwili vilikuwa Afrika, Kano kule Nigeria na Zanzibar. Cha Zanzibar kilikuwa Tunguu. Wanasiasa wa kisiwani walikipinga, wakihofia ni mlango wa kuleta makombora. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikafungwa.

Vituo navyo vilitakiwa kujaribiwa. Novemba 1, 1961 wakarusha kisetilaiti kwa roketi ya Scout, kazi yake izunguke tu ili mafundi wa vituo vyote wajizoeze kuisikia. Sekunde 43 baadaye ikalipuliwa kwa sababu imepotea njia. Kosa? Fundi alikuwa amebadilisha plagi mbili, ya huku imechomekwa kule.

Waya tena.

Mwezi huohuo sokwe mwingine, Enos, akazunguka dunia mara mbili. Mashine yake ilikuwa na hitilafu, ikawa inampiga shoti hata akijibu sawa. Akaendelea kujibu sawa hivyohivyo. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alipopita juu ya Zanzibar Februari 20, 1962 na kuongea na kituo, njia ile ilikuwa imeshapitwa na Enos.

Jaribio lisilo na hatari

Nilitaka kuishia hapo. Von Braun alikuwa sahihi, asanteni kwa kusoma. Halafu nikafika kwenye Apollo 1, ya ule mpango wa kwenda mwezini.

Januari 27, 1967. Wanaanga watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, wanaingia kwenye chombo saa saba mchana. Sio safari, ni zoezi. Wanajifanya wanaondoka, nyaya za nje zinachomolewa, chombo kinabaki kwa umeme wake. Roketi chini yao haina mafuta, baruti hazijaunganishwa, kwa hiyo kwenye makaratasi zoezi lile halikuwekwa kundi la yenye hatari. Wazimamoto na madaktari hawakuwa wamejipanga pale kama siku ya hatari.

Ndani walijaza oksijeni tupu, kwa presha iliyozidi kidogo hewa ya nje. Mlango wa ndani ulifunguka kuelekea ndani, yaani presha yenyewe iliufunga. Kulikuwa na nyavu za nailoni na Velcro, vile vitambaa vya kunatana, kila mahali, maana ukiwa huna uzito unataka pa kubandika vitu. Jioni redio ikawa inasumbua, Grissom akalalamika watafikaje mwezini kama hawawezi kuongea kati ya majengo mawili matatu.

Saa 12 na dakika 31 jioni wakasikika wakisema moto. Sekunde 15 baadaye chombo kikapasuka kwa presha. Milango ilifunguliwa baada ya dakika tano.

Uchunguzi haukuweza kutaja cheche moja kwa uhakika. Ulielekeza kwenye nyaya za umeme, upande wa kushoto, chini karibu na Grissom.

Mwisho wa zoezi lile, kwenye ratiba, walikuwa wamepanga kufanya mazoezi ya kutoka haraka kwa dharura.

Kilichonikaa ni hiki. Oksijeni tupu haikuwa kitu kipya. Mercury ilitumia, Gemini, mpango uliofuata, ilitumia, na vyombo vyao vilipimwa hivyohivyo juu ya ardhi, mara nyingi, hakikuwaka kitu. Kila jaribio lililopita likawa ushahidi kwamba hakuna shida. Na ukiangalia, hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa linauliza kuhusu moto. Yalikuwa yanauliza kuhusu redio, umeme, presha. Yakajibu kuhusu redio, umeme na presha.

Sasa narudi kwa von Braun na namwona vingine. Wingi wa majaribio haukuwa hoja yake. Alikuwa ameona kitu kimoja, ile kasi inayopanda kila safari, akatengeneza, akaliuliza jaribio lake swali hilohilo, lilipojibiwa akasimama. Ndiyo maana ilikuwa moja na sio mbili. Kule Apollo kulikuwa na majaribio chungu nzima, wazimu wa kupima, rundo la makaratasi, na swali la maana halikuwemo.

Baadaye wakatengeneza mlango wa kufunguka nje kwa sekunde chache, wakati wa kuondoka wakaweka mchanganyiko wa oksijeni asilimia 60 na naitrojeni 40, wakang'oa vitu vinavyoshika moto. Apollo 7 ikaruka Oktoba 1968.

Na yule wa Moscow

Machi 23, 1961, siku moja kabla ya jaribio la von Braun, kijana wa miaka 24 anaitwa Valentin Bondarenko alikuwa anamaliza siku zake za kukaa peke yake kwenye chemba ya majaribio mjini Moscow. Alikuwa mdogo kuliko wote kwenye kundi la Gagarin. Hewa ya ndani ilikuwa na oksijeni nyingi. Akajifuta ngozi palipokuwa pamebandikwa sensa kwa pamba yenye spiriti, akaitupa, ikaangukia kwenye jiko la umeme. Mlango ulichelewa kufunguka kwa sababu ya tofauti ya presha. Akafa baada ya saa kadhaa.

Warusi wakaficha hadi 1986.

Watu wengi hupenda kusema laiti Wamarekani wangeambiwa, Grissom na wenzake wangepona. Sikubaliani sana. Moto ndani ya chemba za oksijeni ulishawahi kuwaka hukohuko Marekani, mwaka 1962, na ripoti ziliandikwa. Taarifa zilikuwepo kwa lugha yao, kwenye makabati yao.

Na Januari 31, 1967, siku nne tu baada ya Apollo 1, wakati dunia nzima inaongelea moto na oksijeni, wanajeshi wawili wa anga waliingia kwenye chemba ya oksijeni kambi ya Brooks, Texas, kuhudumia sungura wa utafiti. Ikawaka. Wote wawili wakafa.